Mashine ya Kinyume ya Rosaire

Shingo ya Rosaire Ouellet haikugeuka tena. Daktari wa mjini Rimouski aliikaza kwa vyuma na skrubu baada ya pingili mbili kusagika, akamwambia waziwazi kwamba tangu siku hiyo angetazama mbele tu, kama farasi aliyezibwa macho pembeni. Kuinamisha kichwa kidogo, ruhusa. Kukiinua kidogo, ruhusa. Kutazama juu ya bega, basi tena. Mwanamume mwingine angeshukuru kwamba mikono na miguu ingali inafanya kazi. Rosaire aliwaza theluji.

Kwa mwenye trekta dogo, theluji ya Safu ya Tatu, barabara ya mashamba nje ya kijiji, huondolewa kinyumenyume. Mashine ya kurusha theluji hufungwa nyuma ya trekta, mdomo wake ukitazama nyuma, na dereva hurudi nayo taratibu, shingo imepinda begani, huku parafujo lake kubwa likiila theluji na bomba likiitema kando, mbali, juu ya misonobari. Nyumba ya Rosaire ilijitenga na barabara ya Safu, mwisho wa njia ndefu iliyopinda katikati. Tangu alipomleta Fernande katika nyumba ile akiwa bibi harusi, kila majira ya baridi alikuwa akiisafisha njia hiyo kinyumenyume, asubuhi na jioni, bega la kulia likiwa mto wa kidevu chake. Daktari alipomwonyesha picha ya pingili zilizosagika, Rosaire aliziona akajua ni njia yake ile ile, imechorwa ndani ya shingo.

Majira ya baridi yaliyopita, Rosaire akiwa bado na kola ya plastiki shingoni, moyo wa Fernande ulileta fujo. Njia ilikuwa imefungwa. Gari la wagonjwa lilisimama barabarani likiwasha taa zake nyekundu bure, na wanaume watatu wakaja kwa miguu, theluji mapajani, wakamlaza Fernande kwenye sleji, kile kiteleza-theluji cha plastiki cha wajukuu, wakamburuta hadi barabarani. Rosaire alisimama dirishani. Hilo tu ndilo aliloweza kufanya, kusimama dirishani na kola yake.

Fernande alipona, na msimu wa majani mekundu ulipofika, kabla ya theluji nyingine, alimkalisha mumewe jikoni, akamwekea bakuli la supu ya njegere ili asipate pa kukimbilia.

"Sikiliza, mume wangu. Sitaburutwa tena kama gogo la kuni nikihesabu mawingu. Theluji ikitufunga tena, hata mara moja, mimi nakwenda mjini. Dada yangu ameongea nao kwenye nyumba ya wazee, chumba kipo, wametuwekea mpaka Noeli."

"Haitatufunga."

"Sikulazimishi kuja. Nakuambia tu nitakachofanya mimi."

"Fernande, nimesema haitatufunga."

"Basi mwite Bérubé."

Rosaire aliinamisha kichwa kwenye supu, kadiri vyuma vilivyomruhusu.

Yvan Bérubé wa kijijini alikuwa na matrekta makubwa, na kazi yake ilikuwa kusafisha njia za watu. Kila mwaka, kabla ardhi haijaganda, alipita Safu nzima akikomelea vigingi vya rangi ya machungwa kandokando ya njia za wateja wake, jina lake limeandikwa kwenye kila kigingi, ili dhoruba ikishafunika kila kitu ajue njia iko wapi na bustani iko wapi. Vigingi hivyo vilionekana toka mbali. Aliyepita barabarani hakuhitaji kuuliza habari za mwenye nyumba. Vigingi vilimwambia kwamba ndani mle mwanamume amekwisha. Jirani yao Adélard alipokomelewa vyake, Rosaire ndiye aliyesimama nje ya kanisa akisema kwa sauti ya kusikika, "Adélard amejioteshea misalaba ya kaburi, anasubiri kulazwa tu." Watu walicheka. Adélard naye alicheka, akaingia garini mapema.

Bérubé alipopita mwaka huu hakuitwa na mtu. Alisimamisha gari, akashuka na nyundo mkononi.

"Mzee Rosaire, nimebakiza nafasi moja upande huu. Nikukomelee?"

"Ukomelee nini? Nimepanda nyanya?"

Bérubé akatabasamu. "Ardhi ikishaganda sitaweza, mzee. Na bila vigingi siingii. Nilishawahi kung'oa mawaridi ya mama mmoja, mpaka leo kanisani hanipi amani ya Bwana."

"Mawaridi ya Fernande hayana wasiwasi. Njia hii ninaijua mimi."

"Shingo je?"

"Shingo iko juu ya mabega, kama yako. Nenda salama, kijana."

Bérubé aliangalia njia ile ndefu, akaangalia dirisha la jikoni ambako pazia lilisogea, akarudisha nyundo garini. Rosaire alibaki amesimama pale mpaka gari lilipopotea. Kifua chake kilijaa. Alihisi ameshinda kitu.

Ikabaki kununua mashine.

Duka la Gaston Pineault lilikuwa njiapanda ya kwenda Rimouski, na Rosaire alikwenda akiendeshwa na Léonce, kaka yake Fernande, kwa kuwa mtu asiyegeuza shingo ni hatari kwenye njiapanda. Léonce alikuwa mtu wa kujua kila kitu. Alijua bei ya nyama kesho, alijua ugonjwa wako kabla ya daktari, na trekta hakuwahi kumiliki hata moja.

"Shemeji," alisema kabla hata mlango wa duka haujafungwa, "usipoteze muda. Wewe unatazama mbele, basi mashine ikae mbele. Hata kuku wangu wanaelewa."

"Kuku wako wanaelewa kwa sababu wamekusikiliza sana, hawana pa kwenda."

Pineault alifuta mikono kwenye kitambaa. Alikuwa mtu mpole, anayeuza kama anayetibu.

"Ya mbele ni nzuri," alisema. "Mtu mwenye shingo yako ndiyo ningempa. Tatizo ni trekta, mzee. Lako linatoa nguvu nyuma tu. Kuipeleka mbele nahitaji fremu na shafti ndefu ya kupita chini ya tumbo, na vifaa vya modeli yako havipo hapa. Nikiviagiza leo, labda Januari."

"Januari sisi tumeshazikwa."

"Labda Februari."

"Tarehe zako zinapanda au zinashuka, Gaston?"

"Basi nikuonyeshe hii." Pineault akapiga kofi mashine ya kawaida, ya kufungwa nyuma, mdomo nyuma, ndugu pacha wa ile iliyochakaa nyumbani. "Hii naifunga kesho."

"Na shingo yake?" Léonce akadakia. "Unamuuzia na shingo ya bundi, au anakuja nayo mwenyewe?"

"Wengine wanaweka kamera."

"Nilijaribu ya mpwa wangu," alisema Rosaire. "Bomba likitema mara moja tu, kioo kinapakwa theluji kama uso wa bwana harusi unaopakwa keki. Baada ya hapo unaendesha gizani."

"Na vioo vya pembeni?"

Rosaire alikagua boliti za mashine. Léonce ndiye aliyejibu. "Alijaribu vioo. Muulize dada yangu nguzo yake ya kuanikia nguo iko wapi."

Hapo ndipo Rosaire alipoiona. Ilikuwa pembeni, nyekundu, imeinama kidogo kama ng'ombe anayekunywa maji. Hii nayo ilifungwa nyuma ya trekta, lakini mdomo wake ulitazama mbele. Dereva alikwenda mbele, macho mbele, shingo imetulia, nayo ikamfuata ikila theluji aliyokwisha kuipita. Watu waliiita ya kinyume. Matrekta yote ya Bérubé yalikuwa na za namna hiyo. Yaliingia uani kwa watu, yakashusha mdomo mlangoni kwa gereji, yakaondoka kwenda mbele, na nyuma yao ikabaki lami.

"Hii," alisema Rosaire.

Pineault hakufurahi, na muuzaji asiyefurahi mteja anapochagua ni jambo la kuogopesha. "Mzee, hii ni ya trekta refu na zito. Fikiria. Mashine iko nyuma, maana yake trekta ndilo linaloingia kwenye theluji kwanza. La Bérubé, ukisimama kando yake, gurudumu linakufika kidevuni. Lako tumbo liko hapa." Akagusa chini kidogo ya goti lake. "Theluji ikipita hapa, halitembei tena. Linaogelea."

"Haitapita hapo. Kila ikifika kifundoni nitatoka."

"Kila ikifika?"

"Mchana na usiku. Sina kazi nyingine duniani."

"Shemeji," alisema Léonce, na mara hii sauti yake haikuwa na mzaha, "subiri ile ya mbele. Mpaka Januari mwache Bérubé afanye."

"Bérubé ameshapita."

"Amepita lini? Fernande hakuniambia."

"Amepita, nimesema."

Wakatazamana, yaani Léonce akatazama, kwa sababu Rosaire angelazimika kugeuka mwili mzima kama mlango. Alibaki akiitazama ile mashine nyekundu. Hakuipenda. Alijua kila alilosema Pineault ni kweli. Alilijua kabla Pineault hajazaliwa. Lakini ya nyuma ilihitaji shingo, na shingo hakuwa nayo. Ya mbele ilihitaji Januari, na Januari hakuwa nayo. Alikuwa amesimama katikati ya duka lililojaa vyuma, na mnunuzi aliyebakiwa na kitu kimoja hachagui, anapokea tu.

"Nifungie hii," alisema.

Jumamosi Léonce alikuja na saitimira mbili kubwa, alizozing'oa kwenye lori lake la kuni lililokufa, akazifunga kwa waya na boliti nje ya kibanda cha vioo cha trekta.

"Hizi si za kuendeshea," alisema. "Ni za kuangalia kama mashine bado ipo. Na kama dada yangu anakuja na mwiko."

"Zinafanya trekta lionekane kama nguruwe."

"Lifanane na mwenyewe. Kaa, nizielekeze. Unaona nini?"

"Naona nyumba."

"Unaona mlango?"

"Naona mlango, na naona Fernande anatucheka."

Theluji ya kwanza ilikuwa nyepesi, ya kupita kifundo kidogo. Rosaire alishusha mashine mbele ya gereji, akaingiza gia, akaenda. Akaenda mbele. Mwili wake wote uliokuwa umezoea kupinda ulikaa wima kama mfalme, na kwenye saitimira bomba lilitema upinde mweupe uliopaa na kudondoka mbali, na nyuma yake njia ilitoka nyeusi, safi, laini kama shati lililopigwa pasi. Alifika barabarani akapiga honi ndefu ya furaha. Fernande alitoka barazani, shali begani, akapiga makofi. Mchana alimkatia kipande cha pai ya nyama kikubwa kuliko haki yake. Hakutaja mjini. Siku zile Rosaire alipokwenda kijijini alipita mbele ya nyumba ya Adélard akatazama vile vigingi vya machungwa moja kwa moja, kwani vilijileta mbele ya macho yake.

Kisha upepo wa kaskazini-mashariki ukapanda kutoka kwenye mto mkubwa wa bondeni.

Kila mtu wa Safu anaujua upepo ule. Unailaza theluji kwanza, halafu unaiokota na kuipeleka unakotaka, na siku zote unakotaka ni pale njia ya Ouellet inapopinda, kati ya misonobari. Ilianza mchana. Rosaire alitoka ilipofika kifundoni, kama alivyoahidi, akasafisha. Alitoka tena kabla ya chakula cha jioni, akasafisha. Alipovua buti, shingo ilikuwa inawaka. Baridi ilikuwa imeingia kwenye vyuma, na vyuma vilikuwa vimeipeleka ndani, mpaka mzizi wa ulimi. Akaketi, akashindwa kuinua kijiko.

"Meza kidonge," alisema Fernande.

"Kitanilaza."

"Meza nusu."

Alimeza nusu. Akakaa kwenye kiti cha jikoni, buti kando yake, kofia ya sufu juu ya goti, tayari kutoka. Alipofumbua macho mwanga wa asubuhi ulikuwa dirishani, na dirisha lilikuwa jeupe mpaka nusu.

Fernande alikuwa amesimama kando ya jiko, kikombe mkononi. "Nilikuita," alisema. "Nilikuita, Rosaire, nikakutikisa. Nikaona heri ulale."

Hakusema lolote kuhusu mjini. Angesema, ingekuwa nafuu. Rosaire alivaa haraka, akasahau simu mezani, akalisukuma lango la gereji kwa bega.

Mbele ya nyumba, mahali palipokingwa na upepo, mashine ilifanya kazi. Ilitema vizuri, na kwa muda alijiambia inawezekana. Alikwenda, akasimama, akarudi nyuma kidogo, akaenda. Theluji ilipanda kwenye tumbo la trekta. Ilisugua chini kwa sauti ya gunia linaloburutwa. Akafika kwenye kona.

Kwenye kona kulikuwa na tuta lililofika usawa wa taa. Rosaire aliliona, akajua. Mguu wake ulikuwa kwenye pedali na angeweza kuuondoa. Lakini kuuondoa kungekuwa na maana gani? Ng'ambo ya tuta ilikuwa barabara. Nyuma yake ilikuwa jikoni, na jikoni Fernande anasubiri kuona kama theluji imewafunga au la. Akakanyaga.

Trekta liliingia kifua kizima, likapanda, likakaa. Theluji iliyoshindiliwa chini ya tumbo ililibeba juu kama mtoto anayebebwa kwapani, na magurudumu yakazunguka hewani, yakinung'unika, hayashiki kitu. Alitia gia ya nyuma. Mashine nyekundu iliyokuwa nyuma ikajichimbia kwenye theluji, ikakita kama nanga. Mbele ukuta, nyuma nanga. Alisukuma mlango wa kushoto, ukakataa. Alisukuma wa kulia, ukafunguka upana wa kiganja, theluji ikamwagika ndani mapajani mwake, ukakwama hapo.

Akazima injini. Upepo ulipiga vioo vya kibanda. Akapandisha macho kwenye saitimira ya Léonce.

Aliona nyumba. Aliona mlango. Aliona mlango ukifunguka.

Fernande alitoka amevaa koti lake la kanisani, kwa sababu ndilo refu, na mkononi alishika beleshi.

"La," alisema Rosaire kwenye kioo. "La, la. Rudi."

Hakusikika, hata angepiga kelele upepo ungemnyang'anya maneno mdomoni. Fernande alishuka ngazi, akaanza kuifuata alama ya magurudumu, akizama, akijiinua kwa beleshi kama fimbo. Rosaire alipiga honi. Akapiga tena, fupi, kali, ya kukataza. Kwenye kioo Fernande aliinua kichwa, akasimama, na Rosaire akashusha pumzi. Kisha akamwona anaharakisha.

Honi haina maneno. Aliiona nia yake mwenyewe ikifika kwa mkewe imegeuka juu chini. Aliondoa mkono kwenye honi kana kwamba imemuunguza, na kwa kuwa sasa honi ilikuwa imenyamaza, Fernande akaharakisha zaidi.

Alijaribu kugeuka. Aligeuza mabega, nyonga, alipiga magoti kwenye kiti ili afungue dirisha la nyuma, na shingo ikamchoma kwa moto mmoja mweupe uliomrudisha alipokuwa. Basi akakaa. Akatazama mbele, ambako hapakuwa na kitu ila ukuta mweupe, na kwenye kioo mke wake akakua kidogo kidogo. Alisimama mara ya kwanza, mkono kifuani. Akatembea. Alisimama mara ya pili, akakaa kabisa kwenye theluji, na Rosaire akamwomba Mungu abaki hapo, halafu akamwomba Mungu asibaki hapo, halafu hakujua tena aombe nini. Fernande akainuka.

Alipofika hakuongea. Alichimba. Beleshi liligonga mlango, theluji ikaruka, likagonga tena, na kati ya kila pigo Rosaire alisikia pumzi yake, kavu, fupi, kama mtu anayepasua karatasi.

"Acha," alisema kwenye ule upenyo wa mlango. "Mama, acha. Niko mzima. Niko mzima, acha."

"Nyamaza, sukuma."

Akasukuma. Mlango ukakubali. Akatoka kwa magoti, na Fernande akamwangukia, si kwa kukumbatia, alimwangukia tu, midomo yake ikiwa na rangi ya zabibu. Wakakaa chini ya gurudumu la trekta, wamejibanza pasipo na upepo, mpaka ile pumzi ikaanza kupata kina. Rosaire alimshika mkono ndani ya glavu yake. Hakuwa na kingine cha kumpa.

Walirudi nyumbani polepole mno. Jikoni, koti la kanisani likidondosha maji kwenye sakafu, Rosaire mwenyewe alichukua simu.

"Yvan. Ni Rosaire wa Safu ya Tatu."

"Mzee. Umekwama?"

"Ile nafasi," alisema Rosaire. "Ile uliyokuwa umebakiza."

"Ilichukuliwa wiki ile ile, mzee. Na ardhi sasa ni chuma, kigingi hakiingii. Nitakuja leo kukutoa, hilo silikatai hata kidogo. Lakini kila dhoruba siwezi. Nina njia nyingi mpaka chakula nakula humo humo kwenye trekta."

"Naelewa."

"Ungeniambia siku ile."

"Naelewa, Yvan."

Bérubé alikuja alasiri. Alilichomoa trekta dogo kwa mnyororo kama anayeng'oa jino la mtoto, kisha akapita mara moja kwenda, mara moja kurudi, na mashine yake ya kinyume. Njia ikabaki pana, safi, kuta zake zimekatwa wima. Tangu nyumba ile ijengwe haikuwahi kufunguliwa vizuri hivyo. Alikataa malipo, akachukua pai.

Fernande alikuwa ameshusha sanduku kutoka juu ya kabati. Alilifungua juu ya kitanda, akaketi kando yake.

"Ninaweza kuagiza ile ya mbele," alisema Rosaire mlangoni. "Gaston alisema Januari."

"Januari," alisema Fernande, kama anayeonja supu isiyo na chumvi.

"Sikukuita. Ile honi. Nilikuwa nakuambia urudi."

"Sasa najua." Alikunja sweta, akaikunjua, akaikunja tena. "Nitakuambia kitu, mzee wangu, usikasirike. Sikuondokei kwa sababu ya theluji. Honi ile ikilia tena, nitatoka tena. Najijua. Moyo ukiwa mzima, moyo ukiwa mbovu, nitatoka na beleshi. Nikibaki hapa nitatoka. Ndiyo maana naenda mahali ambapo sitaisikia."

Rosaire aliingia, akafungua droo yake, akatoa soksi, akaziweka kwenye sanduku upande wa kushoto, ambao Fernande alikuwa ameuacha wazi.

Léonce alikuja kuwachukua siku iliyofuata. Alipakia masanduku bila kufundisha mtu jinsi ya kupakia. Fernande alikaa nyuma, mto mgongoni. Rosaire alikaa mbele, akafunga mkanda, akatazama njia iliyokatwa wima, inayoteremka hadi kwenye kona, imefunguka yote.

"Ameifungua vizuri," alisema Léonce.

"Ameifungua vizuri," alisema Rosaire.

Gari likaanza kwenda. Nyumba ilikuwa nyuma. Rosaire aliisikia nyuma ya kisogo chake kama mtu anavyosikia joto la jiko alilolipa mgongo, na mabega yake yakajaribu, yenyewe, bila kuombwa. Vyuma vikakataa. Akaweka mikono juu ya magoti.

Léonce hakumwangalia. Aliinua mkono hadi kwenye kioo cha katikati, akakishika, akakigeuza taratibu, mpaka hakikuwa cha dereva tena.

"Unaona nini, shemeji?"

Waliipita kona. Misonobari ilianza kuingia kwenye kioo, mmoja, na mwingine, ikifunika bomba la moshi lisilotoa moshi, ikafunika baraza, na kando ya gereji, mdomo wake umejaa theluji, ile mashine nyekundu.

"Mlango," alisema Rosaire. "Bado naona mlango."

Léonce akapunguza mwendo.